Kabla Baba Hajawasha Gari

Mpenzi msomaji, huenda ukashangaa ni vipi mwanafunzi wa kidato cha tatu, asiye na leseni wala baiskeli, anathubutu kushika kalamu akueleze habari za gari. Stahamili kidogo. Sheria ya Kenya hainiruhusu kuendesha gari mpaka nitimize miaka 18, na siku hiyo bado iko mbali. Lakini sheria hiyo hiyo haijamkataza mtoto kufungua boneti, kupima oili, wala kusoma nambari zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Fauka ya hayo, nimegundua kwamba katika nyumba nyingi zenye gari dereva ni mmoja na abiria ni wanne au watano, na hao wote hukaa kimya kama magunia. Makala haya nimewaandikia hao.

Si kwamba najifanya fundi. Niliyoyajua niliyapata kwa njia mbili: kwanza kufundishwa, pili kuponea chupuchupu. Nitaanza na ile ya kwanza maana haina kijasho.

Gari la nyumbani kwetu ni steshenwagoni kuukuu ya gia za mkono. Ilitoka Japani ikiwa imekwisha kutumika, kama magari mengi ya humu nchini. Baba huipenda kiasi kwamba mama humtania ati ameoa mke wa pili. Huioga kila Jumamosi (nasema huioga, maana ukimwona na ile sabuni na taulo huwezi kusema anaosha tu), na kwa nje ilimetameta. Boneti ndiyo ilikuwa haifunguliwi ila fundi akiwepo.

Likizo ya Agosti 2024, baba alipoona nashinda nikizurura mtaani, alinipeleka kwa rafiki yake mwenye gereji ya jua kali hapa Nakuru. Mzee yule hakunipa spana hata moja wiki ya kwanza. Alinipa kitambaa. "Kijana," akaniambia, "kazi yako ni kupangusa, kunusa na kusikiza. Gari halifi ghafla. Huanza kusema mapema, lakini wenyewe wamefungulia redio."

Somo la kwanza lilikuwa la taa. Ukizungusha ufunguo nusu, kabla injini haijanguruma, mbele ya dereva huwaka taa nyingi: ya oili, ya betri, ya injini, ya breki. Huo si ugonjwa. Gari linakuonyesha kwamba taa zenyewe ni nzima. Injini ikishika na handbreki ikiteremshwa, zote huzimika. Basi tazama mambo mawili. Taa inayokataa kuzimika ina neno. Na ile isiyowaka kabisa tangu mwanzo ina neno kubwa zaidi, kwani yawezekana balbu imekufa, au muuzaji mmoja mjanja aliing'oa ili mnunuzi asijue. Nyekundu maana yake simama. Ya manjano maana yake mtafute fundi upesi. Ile nyekundu yenye umbo la kibirika ikiwaka mkiwa njiani, dereva atafute mahali salama, asimame na azime injini, hata kama nyumbani pamebaki kilomita mbili. Injini iliyokosa presha ya oili hujisaga yenyewe kwa dakika chache tu, na hasara yake huweza kupita thamani ya gari.

Oili hupimwa gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa kwa dakika kama tano hivi ili oili yote iteremke. Chomoa kile kijiti, kipanguse, kirudishe hadi mwisho, kisha kichomoe tena. Alama ni mbili. Oili iwe kati yake. Kuna wanaodhani kwamba kuzidisha ni wema. La! Oili ikizidi, krankshafti huipiga mpaka itoe povu, na povu halilainishi chuma. Weusi wa oili usikutishe, maana oili inayofanya kazi huchafuka. Iogope ile inayofanana na chai ya maziwa. Hiyo imeingiliwa na maji, na safari yenu iahirishwe.

Kuhusu rejeta, mzee hakusema mengi. Alikunja mkono wa ovaroli akanionyesha kovu lililoanzia kifundo cha mkono hadi kiwiko. Alipokuwa na umri kama wangu alifungua kifuniko cha rejeta ya moto. Mwalimu wetu wa Fizikia amenisaidia kulielewa kovu lile. Hapa Nakuru, mwinuko wa zaidi ya mita 1,800, maji ya sufuria huchemka kabla ya kufika nyuzi 95 za Selsiasi. Ndani ya rejeta iliyofungwa kabisa mna shinikizo, kwa hiyo maji hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Fungua kifuniko, shinikizo lipotee, na maji yote yale huchemka kwa mara moja na kukurukia usoni. Kwa hivyo kifuniko hicho hufunguliwa asubuhi, injini ikiwa baridi. Ikiwa gari lenu lina kile kikopo cha plastiki pembeni, hata huna haja ya kufungua kitu. Tazama tu kama maji yako kati ya alama mbili.

Tena yasiwe maji ya bomba matupu. Watu husema sisi hatuna theluji, kulanti ni ya Wazungu. Kumbe kulanti huzuia kutu, na pia hufanya maji yachelewe kuchemka. Maji ya bomba huacha ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika la nyumbani, na ukoko huo ukijaa kwenye vijitundu vya rejeta, joto halina pa kutokea.

Sasa tairi. Hapa ndipo nilipojiona mjinga kweli kweli, maana nilidhani tairi likisimama basi lina upepo. Kipimo cha upepo wa gari lenu kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa, mara nyingi pale kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwa magari mengi ya nyumbani ni kati ya 30 na 35. Nambari kubwa iliyo ubavuni mwa tairi lenyewe ni kikomo cha tairi, wala si kipimo cha gari, lakini nimewaona vijana wa kujaza upepo wakiifuata hiyo. Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, kabla ya safari. Tairi lenye upepo mdogo hukunjika na kukunjuka kila linapozunguka. Chukua kipande cha waya ukikunje huku na huku mara 20, kisha kiguse. Umeona? Ndivyo tairi linavyopata joto, na ndiyo sababu matairi mengi hupasuka mchana wa jua, gari limejaa, mwendo ni wa kasi. Tena dereva akisimama njiani akakuta tairi ni la moto na presha imepanda, asipunguze upepo, maana likipoa litabaki na upungufu.

Umri wa tairi nao umeandikwa. Tafuta mfululizo unaoanza na herufi DOT. Mwishoni mwake kuna tarakimu nne. Ukiona 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisivuke miaka 10 hata kama meno yake yangalipo, kwani mpira huzeeka kwa jua na kwa wakati. Na ndani ya mifereji ya tairi kuna vijituta vya kimo cha milimita 1.6. Mpira ukiisha hadi ukalingana na vijituta hivyo, tairi limekwisha. Nimeyakagua kwa macho magari ya walimu wetu pale chini ya miti. Mawili yana vipara. Sitayataja, lakini wenyewe wanajijua.

Spea nayo ni tairi. Yetu tuliikuta haina upepo hata wa kuzimia mshumaa. Na kama itabidi kubadilisha tairi njiani, gari liwe mbali na barabara na mahali pagumu, handbreki juu, na zile pembetatu nyekundu ambazo watu huziita laifseva ziwekwe mbali nyuma ya gari. Weka mawe kwenye magurudumu yanayobaki chini. Legeza nati kidogo kabla ya kupandisha jeki, la sivyo gurudumu litazunguka nawe ukizunguka nalo. Usiingize mkono wala kichwa chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Nati zikazwe kwa kukingama, ya hapa kisha ya ng'ambo, na mkienda kilomita chache msimame mzikaze tena. Halafu, tafadhalini, mawe yale muyaondoe! Ni wangapi usiku wamegonga mawe yaliyoachwa katikati ya lami na mtu aliyekwisha kwenda zake?

Basi ikaja Desemba 2024, na safari ya kwenda kwa nyanya, Kabarnet.

Jioni ya kabla ya safari nilifungua boneti nikiwa na kitambaa changu. Oili sawa. Maji sawa. Matairi manne na spea sawa. Mikanda ya kiti cha nyuma niliikuta imezama chini ya kiti pamoja na njugu na vibanio vya nywele, nikaizamua. Kisha nikatazama kile kikopo kidogo cha mafuta ya breki. Yalikuwa chini ya alama ya mwisho.

Mzee wa gereji alikuwa amenieleza jambo hili kwa urefu. Mafuta ya breki hayaliwi na injini kama petroli. Yamefungiwa. Yakipungua, ama yanavuja mahali fulani, ama pedi za breki zimekwisha. Pedi ikiisha, ile pistoni inayoisukuma husogea mbele zaidi, na mafuta hushuka kujaza nafasi iliyoachwa. Kwa hiyo usiongeze tu ukaenda zako. Uliza yalikwenda wapi kwanza.

Niliingia nyumbani nikamwambia baba. Alikuwa akisikiliza taarifa ya habari. "Limefika Kabarnet mara ngapi hilo?" akaniuliza. "Tutaangalia tukirudi." Nikanyamaza. Msomaji, nakuomba ukumbuke kunyamaza huko.

Tulitoka Nakuru alfajiri. Barabara ni nzuri, inapita mashamba ya mkonge ya Mogotio, inavuka ikweta, kisha inateremka kwenye joto hadi Marigat, kama kilomita 100 hivi. Kutoka Marigat inakunja kushoto na kuanza kuupanda mlima wa Tugen. Hadi Kabarnet unakuwa umepanda takriban mita 1,000. Katikati ya mlima sindano ya joto ikaanza kupanda. Baba, ambaye sitaki umwone kuwa mtu asiyejua kitu, alizima kipoza hewa, akafungua madirisha, akawasha ile hita ya kupashia abiria joto. Sote tulilalamika. "Nyamazeni," akasema, "joto hili tunaliondoa kwenye injini." Na ni kweli, kwani hita hupitisha maji ya moto ya injini kama rejeta ndogo ya pili. Sindano ikarudi. Tukafika salama tukinuka jasho.

Siku ya kurudi nyanya alitupakia gunia la mahindi, gunia la wimbi, mtungi wa asali na kuku wawili waliofungwa miguu. Baba aliketi kwenye usukani, mama kando yake akiwa amempakata mdogo wetu wa miaka minne, mimi na dada nyuma. Tuliimba kidogo. Kisha mteremko ukaanza.

Baba alikuwa na mazoea ya kutia gari fri kwenye mteremko. Alijifunzia udereva enzi za kabureta, na wakati huo wengi waliamini kwamba kuteremka fri ni petroli ya bure. Gari likaanza kukimbia lenyewe. Kila tulipokaribia kona, breki. Kona ikipita, gari linajiachia tena. Kona nyingine, breki. Huko chini Ziwa Baringo lilikuwa likimeta, na dada alikuwa akinionyesha.

Mimi nilikuwa nikinusa. Ilikuwa harufu ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Niliijua. Nilitaka kusema, lakini katika nyumba yetu ni nani amfundishaye baba kuendesha gari? Nikahesabu kona. Ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu gari lilichelewa kupunguza mwendo, kidogo tu, lakini nilimwona mama akiushika mlango.

"Baba," nikasema, "breki zinanuka. Tafadhali tia gia."

Hakujibu.

"Baba, tia gia! Ya tatu, halafu ya pili!"

"Mzee, hebu msikize mtoto," mama akasema kwa sauti ndogo.

Baba akakanyaga breki, na pedeli ikazama. Baadaye alituambia ilikuwa kama kukanyaga godoro. Akaipampu mara tatu, nne, ikarudi kidogo. Akaingiza gia ya tatu, gari likashtuka, kisha ya pili, na injini ikalia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia. Lakini ililishika gari. Akavuta handbreki polepole, kidole gumba kikiwa kwenye kitufe ili isikwame ghafla na kuyafunga magurudumu ya nyuma. Tulisimama kwenye kiwanja cha murram kabla ya kona ambayo ng'ambo yake sikutaka kuitazama. Waliokuwa wakipiga kelele ni kuku tu.

Moshi ulikuwa ukitoka kwenye magurudumu ya mbele. Baba akauchukua mtungi wa maji ili amwage. Mara hii sikungoja. Nikamwambia kwamba chuma cha moto kikimwagiwa maji ya baridi huweza kupasuka. Akauweka mtungi chini bila neno. Tuliweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, tukaweka laifseva barabarani, tukakaa chini ya mgunga kwa muda wa saa nzima.

Niliporudi shuleni nilikaa na mwalimu wa Fizikia tukapiga hesabu. Gari lenye watu na mizigo, la uzito wa kilo 1,500, likiteremka mita 1,000, linatoa nishati ya karibu jouli milioni 15. Hiyo yatosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji ya bomba. Fikiria sufuria ya uji ya jikoni mwetu. Joto lote hilo lazima liende mahali. Ukiwa ndani ya gia ndogo, injini huchukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Ukiwa fri, upepo hupunguza kidogo, na mengine yote unazibebesha breki: pedi na diski ambazo kila moja hutosha kwenye sinia. Pedi zikipata moto kupita kiasi hazikamati tena vizuri. Na mafuta ya breki nayo yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani mwaka baada ya mwaka, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka upesi. Yakichemka hutoa vipovu. Mafuta hayabonyei, kipovu hubonyea. Ndiyo maana baba alikanyaga na kukanyaga, na nguvu ya mguu wake ikaishia kwenye vipovu badala ya kufika kwenye magurudumu. Kwa sababu hiyo mafundi husema mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka kama miwili, hata kama hayajapungua.

Kuhusu ile petroli ya bure, nina habari mbaya kwa wanaoipenda. Katika magari ambayo petroli hunyunyizwa kwa kuongozwa na kompyuta, na karibu yote tunayoyaona barabarani leo ni ya namna hiyo, ukiteremka ukiwa ndani ya gia na mguu uko nje ya eksileta, kompyuta hufunga petroli. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiwa fri, injini inahitaji petroli ili isizimike. Yaani aliyetia fri ndiye anayetumia zaidi! Wanaozima injini kabisa kwenye mteremko sijui niwaambie nini. Breki hupata msaada wake kutoka kwa injini. Injini ikizimwa pedeli huwa ngumu kama jiwe baada ya kukanyagwa mara chache, na ufunguo ukizungushwa vibaya usukani hufunga.

Kanuni ya mzee wa gereji ni kwamba mteremko uteremkwe kwa gia ile ile ambayo ungetumia kuupanda, nayo iingizwe juu kabisa kabla ya kushuka. Gari la otomatiki nalo lina nafasi ya 2 au L, mengine B au S. Haikuwekwa pale kwa urembo. Breki nazo zikanyagwe kwa uthabiti, kisha ziachwe zipumue, kuliko kuzikalia njia nzima.

Jambo la mikanda nitaligusia tu, maana tunalisikia kila siku. Mkanda wa ncha tatu ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na kampuni hiyo ikawaruhusu wengine wautumie. Humu nchini kanuni za waziri John Michuki za mwaka 2004 ndizo zilizotuzoesha mikanda kwenye matatu. Lakini katika magari ya nyumbani anayeketi nyuma bado hujiona hahusiki. Gari likigonga, asiyefunga mkanda nyuma humwangukia wa mbele kwa uzito wote wa mwendo ule. Na mtoto wa kupakatwa, hata kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa hakuna mama awezaye kumshikilia kwa mikono. Mdogo wetu ana kiti chake tangu Januari. Gunia la wimbi nalo siku hizi hufungwa kamba.

Tulishuka hadi Marigat kwa gia ya pili, polepole, magari mengine yakitupigia honi. Pale tulimpata fundi. Alipofungua gurudumu la mbele alicheka, si kwa ubaya, akamwonyesha baba pedi. Ilikuwa nyembamba kama ganda la yai. Nilimwona baba akizihesabu noti za pedi mpya na mafuta mapya. Hazikuwa nyingi.

Tulipofika Mogotio, pale penye alama ya ikweta, baba alisimama tununue soda. Akaniita kando, akaniuliza akiwa anatazama barabara.

"Yale mafuta ya breki uliona yamepungua lini?"

"Ile jioni kabla ya safari, baba."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia."

Akanywa soda yake kidogo. "Uliniambia mara moja," akasema.

Siku hizi, kabla baba hajawasha gari, huninyoshea kitambaa. Huchukua dakika kumi, kumi na tano kama spea imejificha chini ya mizigo. Nikiwa shuleni dada hufanya, naye amekuwa mkali kuniliko. Ndani ya boneti nimebandika kipande cha plasta, nikaandika kwa kalamu nzito: MAFUTA YA BREKI, DESEMBA 2026. Nilipokwenda nyumbani nusu muhula nilikuta baba ameongeza mstari chini yake kwa mwandiko wake ule wa kulalia kushoto: "Nikisema tutaangalia tukirudi, uniambie tena."